Mkizi wa Ma Sesilia

Jumatatu, 24 Agosti

Nimeropoka. Najua nimeropoka, lakini nilichokozwa.

Kikao cha kina mama wa Kitanzania, sebuleni kwa Jacqueline, hapa hapa Neasden, ughaibuni. Ajenda: karamu ya Jumatatu ijayo, siku ya mapumziko, na nani awe mkuu wa jiko. Kwa nini kuuliza? Mkuu wa jiko ni mimi. Miaka tisa! Mimi ndiye ninayesema nani akate vitunguu na nani akae mbali na wali. Mama Godlisten akasimama na miwani yake, akasema kwa heshima zote Ma Sesilia amechoka, apumzike, vijana washike. Kijana gani? Ana miaka sitini na sita!

Nikasema sijachoka. Nikasema mimi ni mtoto wa Kemondo, nimezaliwa kando ya ziwa, na kwenye karamu nitaleta samaki niliyemvua mwenyewe, baharini, kwa mikono hii. Yeye ni mtu wa Machame, mlimani, samaki amemjulia kwenye kopo. Kina mama wakapiga vigelegele. Mama Godlisten akatabasamu. Akasema vizuri sana, basi tukubaliane: samaki akija, jiko ni la Ma Sesilia mpaka achoke mwenyewe. Asipokuja, jiko ni la Mama Godlisten. Wote wakasema sawa. Hata Jacqueline, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha pilau!

Tatizo dogo. Sijawahi kuvua samaki. Baba yangu alikuwa karani wa kahawa. Samaki waliletwa mlangoni.

Jumanne, 25 Agosti

Mkwe wangu Douglas, Mkenya, nesi, mume wa binti yangu Bridget, anavua. Ana klabu yake. Jumamosi wanakwenda Southend, pwani, kwenye tambarare za tope, maana anasema mwisho wa kiangazi samaki hupanda kula kwenye maji ya magotini. Lakini mkwe si mtu wa kumwomba omba. Kwetu mama mkwe na mkwe husalimiana kwa mbali, hawagusani. Tunaishi nyumba moja mwaka wa sita, na nikitaka anipitishie chumvi namwambia Bridget amwambie.

Kwa hiyo nimekwenda Southend peke yangu. Treni mbili. Nimebeba ndoana, kamba na ugali uliolala.

Nimefika. Bahari haipo!

Tope tupu hadi macho yanapoishia, mashua zimelala ubavu kama ng'ombe wagonjwa. Nikamuuliza mzee mmoja mwenye mbwa, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, bahari imepelekwa wapi. Akasema imetoka, itarudi saa kumi na moja. Imetoka! Kama mtu aliyekwenda dukani! Ziwa letu halina tabia hiyo. Unaliacha jioni, asubuhi unalikuta palepale.

Nikakaa kwenye benchi, nikala chambo chote. Nikarudi nyumbani.

Jumatano, 26 Agosti

Nimemtuma Bridget kwa mumewe: mama anataka kwenda kuvua. Akarudi na jibu. Douglas amefurahi mpaka ameshika kifua. Ila sharti la klabu: wanatumia fimbo nyepesi na nzi, na kila samaki anarudishwa majini.

Anarudishwa! Nikamrudisha Bridget akaulize kama amesikia vizuri. Amesikia vizuri. Wanaamka alfajiri, wanaendesha gari saa moja na nusu, wanamkamata samaki, wanamsifia, wanamwacha aende zake. Huyu ndiye mwanamume niliyempa binti yangu.

Nzi wenyewe si nzi. Ni ndoana iliyofungwa manyoya kwa uzi. Douglas huinama mezani na miwani ya kukuza akifunga vidude hivyo kama fundi cherehani wa sisimizi. Bridget anasema ni sanaa. Mimi nasema ni uvivu wa kutafuta chambo.

Lakini sikubisha. Nimesema sawa, nimekubali sharti. Halafu nimeshona mfuko mkubwa ndani ya koti. Samaki ataingia humo wanaklabu wakisifia mawingu.

Jumamosi, 29 Agosti

Bridget ana zamu, hakuja. Mimi na mkwe, peke yetu kwenye gari! Nilikaa nyuma nikitazama dirishani. Mtu akiwa na la kusema, analiambia gari.

Halafu suruali. Sikuambiwa kuhusu suruali! Ya mpira, buti zimeunganishwa humo humo, inafika kifuani. Mimi, ambaye sijavaa suruali tangu nizaliwe, mbele ya mkwe! Nikaiambia bahari kwamba sivai. Douglas naye akaiambia bahari kwamba maji ni baridi na tope halina huruma. Nikavaa. Nikajifunga kanga juu yake.

Wenzake wanne wa klabu walikuwa wametawanyika mbele, wamesimama kama korongo. Maji ya magotini. Na samaki kweli walikuwepo, mikizi, migongo nje, wakila taratibu kama watu wenye pensheni. Douglas akarusha mshipi nyuma na mbele, nyuma na mbele, kama mtu anayefukuza kunguru kwa adabu. Mikizi wakamtazama. Saa nzima!

Nikampa mgongo. Nikabandika kidonge cha ugali kwenye manyoya ya fimbo niliyoazimwa. Vidonge vingine nikavitupa majini, vya kukaribishia. Yesu na Maria! Walikuja kama wageni wa msiba waliosikia sahani.

Fimbo ikapinda. Nikapiga hatua kumfuata samaki, mguu ukaenda chini na haukurudi. Wa pili ukaufuata mwenzake. Tope mpaka mapajani, mkizi anavuta, na ile bahari inayotokaga ikaamua sasa hivi ndiyo inarudi! Douglas akaja mbio kunishika mkono. Nikapiga kelele asiniguse! Akasimama. Akaninyooshea mpini wa wavu wake. Nikaushika kwa mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. Akavuta. Sikutoka. Maji yakafika kiunoni. Akaiambia bahari kwamba Bridget atamuua. Halafu akasema samahani sana, Mama, akanikumbatia kiuno akaning'oa kama muhogo.

Fimbo sikuiachia.

Mkizi kilo mbili, fedha tupu, mdomo mnene. Wangu! Mwenzao mmoja, Asad, alikuwa amekuja kusaidia, akatupiga picha. Nikafungua koti, mfuko wazi. Kabla sijanyoosha mkono Douglas alikwishamtoa ndoana, amemshika majini kwa viganja viwili kama anambatiza. Mkizi akatikisa mkia mara moja, akaenda.

Wakapiga makofi. Mimi nikalia. Douglas akamwambia Asad kwamba mama ameguswa sana.

Jumapili, 30 Agosti

Bridget ameniletea simu. Anasema tatizo limekwisha, Mama, samaki huyu hapa kwenye picha, kesho waonyeshe.

Nikatazama. Samaki mzuri kweli. Nyuma yake yuko kikongwe ndani ya suruali ya mpira, tope mpaka nyusi, kanga imekwenda na maji, na mkono wa mkwe bado umemzunguka kiuno. Nikamwambia aifute. Akasema ndio ushahidi pekee nilio nao. Ushahidi wa nini? Wa aibu! Mama Godlisten ataitengenezea fremu.

Kwa hiyo nimekwenda duka la samaki. Waliotoka baharini wote wamekatwa vipande. Samaki wa kuvua mwenyewe asiye na kichwa, nani atamwamini? Wenye vichwa walikuwa wa aina moja tu, kwenye barafu. Nimechukua mkubwa kuliko wote. Sura yake naifahamu tangu utoto, hilo limenipa moyo.

Jumatatu, 31 Agosti

Nimeingia ukumbini na sinia kichwani. Samaki mzima, amekaangwa, amefunikwa vitunguu na nyanya. Vigelegele! Nikawasimulia fimbo ilivyopinda. Nikawasimulia tope, mpaka pale kwenye magoti, si zaidi. Yote kweli tupu. Jacqueline alikuwa tayari ananikabidhi aproni.

Mama Godlisten akachukua uma. Akasogeza kitunguu kimoja. Cha pili. Akaweka miwani sawa. Akanipongeza. Akasema, jamani wenzangu, Ma Sesilia ni kiboko, amemvua sato Southend! Akasema mumewe alifanya kazi Mwanza miaka kumi na moja, wamekula sato mpaka wakawachoka, na siku zote waliambiwa sato haishi kwenye maji ya chumvi. Huyu lazima alikuja kwa ndege. Akauliza kama alitua Heathrow salama na kama walimgongea pasipoti.

Ukumbi mzima! Jacqueline alicheka mpaka akakaa chini.

Nikasema sato ni samaki na bahari ni maji, wao wanataka nini zaidi? Wakacheka upya.

Hapo nikamwona Douglas anatoa simu mfukoni. Anakuja, uso umejaa huruma. Anaiambia dari kwamba picha ya mkizi anayo, Mama akitaka ataonyesha sasa hivi, mambo yaishe. Neno moja tu lilihitajika. Jiko lingebaki langu mpaka kufa.

Nikaiambia dari kwamba mwenye picha aifiche.

Akairudisha mfukoni. Mama Godlisten akafungwa aproni yangu. Inambana.

Jumanne, 1 Septemba

Mama Godlisten amenipigia simu asubuhi. Kwa heshima zote, karamu ya Krismasi mimi nitakuwa kwenye vitunguu. Nikasema nashukuru. Nikasema anakaribishwa sana kwenye hilo jiko. Nilitaka kuishia hapo, haki ya Mungu.

Akauliza kama mkono umepona uchovu wa ile fimbo.

Basi nikamwambia Krismasi nitaleta asali. Si ya dukani. Niliyorina mwenyewe, kwenye mzinga wangu mwenyewe, nyumbani kwangu. Akasema vizuri sana, basi tukubaliane. Nikasema tukubaliane.

Bridget ameshika kichwa. Douglas ameuambia ukuta kwamba hatuna mzinga.

Nimekaa bustanini tangu saa tano na ndoo yenye mfuniko. Mpaka sasa wamepita nyuki watatu. Mmoja alitua kabisa.