Mtungi Uliokamilika Mno

Jumatatu, 4 Machi

Profesa ametangaza! Likizo hii anakwenda kuchimba mji wa kale, mji wa kweli, wiki tatu, mahema, kofia pana, kila kitu. Gari lina nafasi ya wanafunzi sita. Watano wa mwaka wa mwisho wameshachaguliwa. Imebaki nafasi moja kwa darasa letu zima la Sanaa za Kale na Akiolojia, naye ataipata atakayefanya kazi bora kwenye shimo la mazoezi. Uamuzi ni siku ya maonyesho, Ijumaa ya wiki ijayo.

Nafasi hiyo ni yangu. Sijui kwa nini anajisumbua kusubiri.

Shimo la mazoezi liko nyuma ya jengo la idara. Profesa alilijaza mwenyewe miaka iliyopita: chini udongo mweusi, katikati mchanga, juu udongo mwekundu. Humo akafukia vigae, shanga na mifupa ili sisi tujifunze kufukua. Kila mtu ana mraba wake uliozungushiwa kamba. Mimi, baada ya majuma matano, nimepata mfupa mmoja. Profesa aliugeuza mara mbili, akasema ni wa kuku, na kwamba si yeye aliyeuweka.

Jirani yangu wa mraba ni Mswaki. Tunamwita hivyo kwa sababu husafisha vigae kwa mswaki wa meno anaouchomeka mfukoni kama kalamu. Ana shanga kumi na nne. Kila nikipita huniambia pole. Simpendi.

Tatizo dogo. Wiki iliyopita, niliposikia fununu tu za safari, nilimwambia Shangazi kwamba nimeshachaguliwa. Ndiye aliyenilea na ndiye ninayeishi kwake. Siku ile alikuwa amechoka, nikataka afurahi. Akafurahi kupita kiasi. Ameshawaambia majirani wote, na ameanza kunishonea kofia.

Jumatano, 6 Machi

Somo la matabaka. Profesa amesema cha chini ni cha kale, cha juu ni kipya. Halafu akasema jambo jingine, refu, ambalo alidai ndilo muhimu zaidi. Hapo nilikuwa najichora nimevaa kofia. Mchoro umetoka vizuri sana.

Mswaki amepata shanga ya kumi na tano. Pole, akaniambia. Nimechoka na pole zake!

Jioni Shangazi amenipima kichwa kwa uzi. Ameniuliza kama huko jua ni kali. Nimesema kali mno. Nilijisikia vibaya kama dakika tano hivi. Kisha nikaingia stoo kutafuta ufagio, na wazo likanijia.

Shangazi alikuwa mfinyanzi mpaka viganja vilipoanza kumuuma. Stoo imebaki mitungi miwili ya mkono wake, pacha, ina vumbi la enzi na enzi. Je, mtungi si mtungi? Akili ni nywele, wallahi, na mimi zangu ni nyingi.

Alhamisi, 7 Machi

Kazi imefanyika. Nimetia mtungi mmoja guniani, nikaupiga nyundo mara tatu. Umepasuka kwa adabu, vipande ishirini na tisa. Nimevihesabu na kuvitunza vyote, maana mimi si mtu wa kupoteza mali.

Shangazi alisikia kishindo. Nikamwambia ni paka.

Paka alikuwa amelala mapajani mwake. Nikasema basi labda paka wa jirani, halafu nikakumbuka jirani hana paka, nikasema hapana, ni huyuhuyu, aliangusha kisha akakimbilia kwako kujificha. Shangazi alimtazama paka kwa muda mrefu. Paka akanitazama mimi. Mwisho wa kesi: paka amenyimwa maziwa na analala barazani.

Vigae nimeviloweka kwenye majani ya chai na masizi ili vizeeke. Shangazi ameuliza chai yote imekwenda wapi. Nimesema mitihani inakaribia.

Jumamosi, 9 Machi

Saa saba mchana mlinzi wa chuo huenda kula. Saa saba na dakika moja nilikuwa mrabani kwangu na gunia.

Nimechimba kama kichaa. Nimepita udongo mwekundu, nimepita mchanga, nimefika kwenye udongo mweusi kabisa, maana cha chini ni cha kale. Nani alisema sisikilizi darasani? Jasho likanitoka, nikafungua soda niliyokuja nayo. Nikatazama ndani ya kifuniko, maana kampuni ina shindano mwezi huu, zawadi ni pikipiki. Kimeandikwa: Jaribu tena. Kila siku wananiambia hivyo! Nimekitupa.

Vigae nimevipanga kwa mvuto, kile cha mdomo wa mtungi juu, vingine vimelala kando kana kwamba vimechoka na karne. Nikafukia, nikakanyaga, nikaruka juu yake mara kadhaa ili udongo ushikamane.

Mlinzi alinikuta katikati ya kuruka. Akauliza ninafanya nini. Nimesema mazoezi ya viungo. Akasema hata yeye daktari alimshauri, tukaruka wote wawili kidogo.

Jumatatu, 11 Machi

Nimegundua!

Nilisubiri mpaka saa nne, wakati kila mtu yupo, nikachokoa kwa mwiko, nikapiga ukelele niliokuwa nimeufanyia mazoezi bafuni. Darasa zima lilikuja mbio. Profesa akapiga magoti. Akatazama mtungi kidogo. Kisha akatazama ukuta wa shimo, sana. Akapitisha kidole pale udongo mwekundu na mweusi ulipochanganyika. Akaita wengine waje wautazame ukuta huo, wakautazama, wote kimya. Nadhani ni hisia. Watu wa fani hii hawajui kulia hadharani.

Akaniuliza kama ninaona chochote pale ukutani. Nimesema ninaona historia. Akakubali kwa kichwa, polepole.

Jambo moja limenikera. Amempa Mswaki kazi ya kufukua vigae na kuviunganisha. Mtungi wangu! Profesa anasema mgunduzi hapaswi kujithibitisha mwenyewe, ndiyo desturi. Sawa. Mimi nitapunga mkono, yeye achafue kucha.

Jumatano, 13 Machi

Mswaki anaunganisha haraka kuliko nilivyovunja. Kwa gundi, kwa kibano, kwa mswaki wake. Leo mchana mtungi umesimama mzima juu ya meza, bila pengo hata moja. Profesa amesema katika miaka thelathini ya kazi hajawahi kuona mtungi wa kale uliotoka ardhini bila kukosa kipande. Hajawahi hata kusikia. Nimemshukuru. Sikujua kusifiwa kunaweza kuwa kutamu hivi!

Mswaki amerudi tena mrabani. Anachimba chini ya pale mtungi ulipokuwa. Nimemwambia asijichoshe, chini hakuna kitu. Akaniuliza nimejuaje. Nimesema ni kipaji. Akachimba vilevile. Huyu dada ana roho ngumu.

Kofia imekamilika. Pana, ya khaki, ina kamba ya kufunga kidevuni. Shangazi ameniweka mbele ya kioo, akasema laiti marehemu kaka yake angeniona. Kaka yake ni baba yangu. Nimekwenda barazani nikampa paka maziwa kwa siri, ameyakataa.

Lazima nishinde Ijumaa. Si kwa ajili yangu tena. Kadi ya mwaliko wa wazazi nimeificha chini ya godoro, maana Shangazi hapaswi kuuona mtungi ule.

Ijumaa, 15 Machi

Kama kuna siku ya kulala na kutoamka, ni hii.

Ukumbi ulijaa. Meza za wanafunzi, meza ya Profesa mwenyewe yenye vigae vyake vya uchimbaji wa mwaka jana, na katikati mtungi wangu. Mswaki akasimama kutoa taarifa. Kichwa cha taarifa: Shimo la Jumamosi.

Akaeleza taratibu, bila kunitazama, kama daktari anayemhurumia maiti. Ukichimba shimo na kulifukia, udongo huchanganyika, na kovu hubaki ukutani. Kovu lipo. Juu yake kuna nyayo nyingi za mtu aliyekuwa akiruka, aina mbili za viatu. Mlinzi, kule mlangoni, akatazama viatu vyake. Kisha Mswaki akainua kifuko kidogo chenye lebo. Kitu cha chini hakiwezi kuwa kipya kuliko kilicho juu yake, akasema, labda mtu awe amechimba. Chini ya mtungi wa kale kulikuwa na kifuniko cha soda cha shindano la mwezi huu.

Kumbe lile jambo refu la Jumatano lilikuwa ndilo hilo!

Nikafungua mdomo kujitetea. Nilikuwa na maelezo mazuri kuhusu panya wanaobeba vifuniko. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Shangazi na majirani wanne nyuma yake. Alikuwa ameniletea kofia niliyoisahau nyumbani, na kadi ya mwaliko aliyoikuta chini ya godoro. Alinitafuta kwa macho, tabasamu sikio hadi sikio. Kisha akauona mtungi.

Hakupiga kelele. Alikwenda mpaka mezani, akatia kidole gumba kwenye kibonyeo kilicho chini ya mdomo wa mtungi. Kikaingia sawasawa.

“Huu nimeufinyanga mimi,” alisema. Akanigeukia. “Kumbe si paka.”

Ningetamani shimo la kweli, na mtu wa kunifukia. Nikasema yote, pale pale, pamoja na kwamba sikuwahi kuchaguliwa. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho.

“Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu,” akasema. “Utaanza kwa kumwomba radhi paka.”

Kisha, badala ya kuondoka, akainamia meza ya Profesa. Akachukua vigae viwili, akamwambia kwa heshima kwamba amekosea kuviweka pamoja. Hiki kimefinyangwa na mtu wa mkono wa kushoto, hiki wa kulia. Na hiki kiliivishwa kwa kuni mbichi. Profesa akampa kiti. Akamletea kigae kingine, na kingine, na sanduku zima. Baada ya nusu saa alikuwa akimwita mama na kuandika kila analosema.

Nafasi imekwenda kwa Mswaki. Lakini Profesa amesema vifaa vitafungwa juu ya paa la gari, ili ndani ipatikane nafasi ya mtaalamu wa kusoma vigae. Mtaalamu ni Shangazi. Majirani walipiga vigelegele. Kofia imemkaa vizuri.

Jumapili, 17 Machi

Wameondoka asubuhi. Nimebeba mizigo yao yote. Shangazi alinikumbatia kwa nguvu, akasema amenisamehe, akaniachia orodha ya kumlisha paka. Mswaki aliniambia pole, kisha akanipa kifuko chake chenye lebo, niweke kama kumbukumbu. Amesema Profesa hatalifukia shimo langu. Kila darasa litakalokuja litafundishwa humo namna ya kuutambua ulaghai.

Kila darasa! Watu wana mashimo mangapi yanayofundishwa chuoni?

Paka nimemwomba radhi kwa samaki mzima. Nikakaa barazani nikijuta, kwa dhati, robo saa nzima. Kisha nikakitoa kile kifuniko nikakisoma upya. Jaribu tena. Na stoo kuna mtungi wa pili.

Safari hii nitaficha vipande vitatu, maana ukamilifu ndio ulioniponza. Nitafagia chini kabla ya kuzika. Nitakunywa maji. Gunia liko tayari, nyundo ninayo mkononi, na paka amekaa mlangoni ananitazama. Akisema neno, litakuwa neno lake dhidi ya langu, na mara ya kwanza niliyeaminiwa ni mimi.