Kabla Mate Hayajakauka

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiandikisha mbio za marathoni. Kilomita arobaini na mbili na ushee! Fomu nimeijaza kwa wino, si kwa penseli, nisije nikapata pa kutorokea. Mbio zenyewe Jumapili ya tarehe 25 Mei. Nina wiki kumi na mbili, kitambi kimoja, na raba za kuendea sokoni.

Chanzo ni Dada. Juzi Jumamosi Mama alishikwa na kizunguzungu akitoka kuoga. Nikatoka mbio kwenda duka la dawa, hapo hapo kona, mahali watu wanakwenda na kurudi kwa dakika kumi. Mimi nilirudi baada ya dakika arobaini na tano. Ilibidi nikae kidogo kwenye benchi la fundi viatu, kisha nikae tena kwenye ngazi za watu nisiowajua. Nilipofika, Mama alikuwa ameshapata nafuu. Akaninywesha maji yake na kunipepea na upande wa khanga.

Dada habari zikamfikia. Jana akaja na shemeji, akatangaza kwamba Mama anahamia kwao. Eti mwanamke wa umri ule hawezi kuachwa na mtu anayehema akifunga kamba za viatu. Nikamuuliza kama anajua anazungumza na nani. Mimi, ambaye mtaa mzima ulikuwa ukiniita Umeme! Dada akasema jina lilinifaa sana, maana umeme wa mtaa ule ulikuwa unakatika kila siku.

Hapo mdomo ukaniponza. Nikasema nitakimbia marathoni. Akasema sawa. Nikimaliza ndani ya saa sita, kabla barabara haijafunguliwa kwa magari, Mama anabaki na mimi na yeye hatalisema tena neno hilo. Nikishindwa, kesho yake anakuja na shemeji kuchukua kitanda. Tukapeana mikono. Mama alikuwa pale pale akikunja nguo. Hakuna aliyemuuliza chochote.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimekimbia. Mpaka nguzo ya tatu ya umeme. Ya nne nimeitazama kwa mbali.

Mstaafu amenipita mara mbili, kwenda na kurudi. Huyu ni jirani yetu wa nyumba ya pili, aliyekuwa akisambaza barua za posta kwa miguu maisha yake yote. Ana miaka sitini na saba na suruali ya kubana inayong'aa. Mara zote mbili amenisalimu, pole na kazi, kijana. Kijana! Nina miaka arobaini na tisa. Nimeinama nikajifanya natafuta kitu kilichoanguka.

Mchana kutwa nimewaza, lenzi iko jichoni, saa ya mtu iko mezani tumbo wazi. Mimi ni fundi saa. Ukutani kwangu zinaning'inia saa thelathini na saba na hakuna mbili zinazokubaliana. Na leo nimegundua kwamba tatizo si miguu. Tatizo ni kipimo!

Utotoni hakuna aliyenipima kwa dakika. Mama akitaka kunituma dukani alikuwa anatema mate kwenye saruji ya baraza, ananiambia nirudi kabla hayajakauka, yakikauka nitamtambua. Mguu niponye! Chumvi, kiberiti, uzi mweusi, nusu chupa ya mafuta ya taa. Na sikuwahi kukuta yamekauka. Hata siku moja. Hata siku niliyosimama kutazama gari la zimamoto likivutwa na ng'ombe. Hata siku niliyopitia gololi nikacheza mpaka nikaliwa zote. Narudi moyo uko kooni, namkuta Mama ameinama pale kizingitini, macho chini, ananiambia, "Una bahati wewe, yalikuwa yanakaribia." Kisha ananishika kichwa kwa mkono wenye harufu ya sabuni ya mche. Naikumbuka harufu ile hadi leo.

Kwa hiyo kasi ninayo. Imelala tu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwomba Mama ateme mate barazani. Amecheka mpaka akashika ukuta. Akasema hatemi kwenye baraza aliyoipiga deki mwenyewe. Nimembembeleza kama mtoto anayetaka viatu. Ametema.

Nimetoka mbio mpaka duka la mbali, lile la karibu na kituo cha mafuta. Kamba ya raba imekatika. Mbwa wa seremala amenizuia njia mpaka seremala alipomaliza chai yake. Muuza duka hakuwa na chenji, akaniacha nilinde duka. Na jua linawaka kweli kweli.

Nimerudi. Mate mabichi! Yanang'aa! Mama ameniambia nina bahati, yalikuwa yanakaribia. Kwa saa yangu ya mkononi nimetumia dakika hamsini na mbili, lakini ile saa ya zamani, Jumatatu nitaifungua niione ina nini.

Umeme umerudi!

Jumamosi, 22 Machi

Nimejiunga na kundi la wakimbiaji la Kocha. Siku za kazi Kocha ni kinyozi, Jumamosi anatukimbiza. Sisi ni tisa, Mstaafu akiwemo. Mimi ni wa tisa.

Anatupima kwa saa ya kutia ufunguo aliyoachiwa na babake, na leo kaniletea niisafishe. Mungu akikupa hakuandikii barua. Ndani ya saa kuna kijiti kidogo. Ukikisukuma huku saa inakimbia, ukikisukuma kule inazembea. Nimekisukuma kule. Nikatia na tone la mafuta mazito kwa usalama. Jumamosi ijayo muda wangu utashangaza watu, habari itamfikia Dada, na huenda akakata tamaa mapema tukayamaliza kifamilia.

Jumamosi, 29 Machi

Sikuwaza vizuri. Saa ni moja na sisi ni tisa. Muda wa kila mtu umekuwa wa ajabu! Mstaafu amekimbia kilomita kumi kwa muda ambao Kocha alipousoma alivua kofia. Wamembeba juu juu. Mzee wa watu amelia, akasema hata enzi zake za posta hakuwahi kufika hapo. Mimi bado wa tisa.

Tena Kocha amesema kumbe alikuwa anatudekeza. Kuanzia wiki ijayo ni kilomita kumi na sita. Wenzangu saba wamepiga makofi. Mstaafu amenipapasa mgongo akanipa pole na kazi.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku mbaya. Sijui niiandike vipi.

Dada alikuja kumletea Mama dawa. Mama alikuwa kwa jirani. Nikamsimulia Dada mazoezi, nikamwambia kuhusu mate, kwamba hadi leo hayajawahi kukauka kabla sijarudi. Nilimsimulia kwa kujivuna, sikatai. Akaniangalia. Akauliza kama kweli mpaka leo sijui. Nikamuuliza nini.

Akasema Mama alikuwa anatema upya. Kila mara. Akisikia ndala zangu zinakuja kona, anaacha kufua, anapangusa mikono, anakuja mlangoni anatema mengine. Dada alikuwa anamwona kwa macho yake kupitia pazia. Siku moja alimuuliza Mama mbona yeye akichelewa anachapwa. Mama akamjibu kwamba yeye ana akili, kaka yake hana kitu kingine zaidi ya kuamini anakimbia.

Nimemwambia ni mwongo. Nimemwambia ana wivu kwa sababu yeye hakuwahi kuitwa jina lolote mtaani. Akaweka dawa mezani, akaondoka. Sikukimbia leo. Nimekaa dukani nikisikiliza saa thelathini na saba zikibishana.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemuuliza Mama. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Nikamwambia Dada amesema hivi na hivi. Mama akasema dada yangu tangu mdogo ana ulimi mrefu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Basi! Jambo limekwisha. Hajakubali. Mtu asiyekubali amekataa.

Nilimtungia uzi. Mkono wake unatetemeka siku hizi. Nikiingia nyumbani jioni nasikia ndala zake zikiburuta sakafuni kabla sijamwona, na nikizisikia natulia. Nyumba hii bila zile ndala sitaiweza. Hili sikumwambia Dada na sitamwambia.

Kesho narudi mazoezini.

Jumamosi, 17 Mei

Nimefika kilomita ishirini na moja. Si mfululizo. Ukijumlisha wiki nzima.

Lakini leo wametoa ramani ya mbio, na nimeibusu. Njia inapita mtaa wetu wa zamani! Ule ule wa utotoni! Inauzunguka, inakwenda mpaka kiwandani, inarudi. Na mimi naujua uchochoro nyuma ya fundi cherehani unaotokea upande wa pili. Unakata kilomita sita nzima. Wenzangu wataona ramani, mimi nimeona maisha yangu. Nimemwambia Mstaafu ajiandae kuniona mgongo. Akanitakia kila la heri kwa moyo mweupe, jambo lililoniudhi sana.

Jumapili, 25 Mei

Naandika nimelala chali. Kalamu inakataa kuandika ikitazama juu, lakini mimi siwezi kutazama kwingine.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mstari, maana tunaanzia na kumalizia hapo hapo. Dada kasimama nyuma yake, mikono kifuani. Mama alinivuta sikio, akatema mate kwenye lami, akaniambia maneno yale yale. Nikaondoka kama jiwe la manati. Mpaka kona.

Kilomita ya kumi na tisa nikaingia mtaa wetu. Nikachepuka nyuma ya fundi cherehani. Fundi hayupo, siku hizi wanauza simu. Uchochoro haupo. Kuna ukuta! Mrefu, umepandwa vipande vya chupa juu. Nimeugusa kwa mikono miwili nikidhani ninaota.

Nikageuka, na nyumba yetu ikawa mbele yangu. Mlango ulikuwa wa kijani, sasa wa buluu. Lakini baraza ni ile ile. Saruji ile ile, na ule ufa ambamo gololi zilikuwa zinakwama. Nikakaa niupitishe kidole. Nilikusudia dakika moja. Mama mwenye nyumba akatoka, akaniuliza kama naumwa, nikamwambia nimezaliwa chumba hicho cha dirisha. Akaniletea maji na kigoda. Nikamwonyesha baiskeli ya marehemu Baba ilikuwa inaegemea wapi. Nikamwonyesha Mama alikuwa anasimama wapi akiita Umeme, sauti inafika dukani kabla yangu. Nikamwonyesha mahali penyewe, hapa kizingitini. Akapatazama kwa heshima. Nililia kidogo, ila nilikuwa na jasho, hakujua. Aliponiambia ni saa tano na nusu nilishtuka nikainuka, miguu imekuwa magogo.

Barabarani hakuna mtu. Alama wameshaziondoa. Mwenye baiskeli ya kusambaza mikate akanionea huruma, akasema nipande nyuma. Nikapanda bila aibu. Hatua mia mbili, tairi likapasuka. Ikabidi nimsaidie kuisukuma mpaka kwa fundi, na fundi yuko tulikotoka.

Nilifika saa tisa na robo. Lile puto kubwa la mstari wa kumalizia lilikuwa chini limetoa pumzi, vijana wanalikunja. Wafagiaji wanafagia vikombe. Mstaafu alikuwa amekwenda kwake, ameoga, amerudi na shati safi kunipigia makofi. Shemeji amelala ndani ya gari.

Mama alikuwa pale pale kwenye kiti chake. Chini ya kiti chupa mbili za maji, tupu. Na mbele ya miguu yake, juu ya lami, katika jua lile la kuchoma unyayo, mate. Mabichi!

Akayatazama, akanitazama. Akasema, "Una bahati wewe. Yalikuwa yanakaribia."

Dada akamwambia Mama kwamba hii ni saa tisa, makubaliano yalikuwa saa sita. Mama akajibu kwamba makubaliano yalikuwa ya kwao wawili, yeye hakuna aliyemuuliza. Yeye ana saa yake, ameitumia tangu wote wawili wakiwa hawajafika urefu wa meza, na kwa saa hiyo mtoto amewahi. Kisha akauliza nani atambebea kiti, anataka kurudi nyumbani kwake.

Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa, na midomo imepauka. Jua. Nikamgombeza Dada kwa kukaa na mzee juani bila kumwongezea maji. Dada alinitazama. Akaanza kucheka, halafu akawa anafuta macho, halafu akakibeba kile kiti yeye mwenyewe. Sijui cha kuchekesha kilikuwa nini.

Jumatatu, 26 Mei

Dada hakuja kuchukua kitanda. Ametuma matunda.

Nimekwenda dukani kwangu kinyumenyume, ndiyo namna pekee ninayoweza kushuka ngazi. Njiani nimekutana na Mstaafu, ameniuliza muda wangu rasmi. Nimemwambia hapana haja ya saa. Mimi fundi saa kwa miaka ishirini na sita namwambia, saa zinadanganya. Kipimo nilicho nacho mimi hakijawahi kukosea. Saa tisa na robo juani, na hayakukauka! Mtu wa kawaida yangekauka kwa dakika mbili. Dada alikuwa na wivu tangu utotoni, na sasa nina ushahidi.

Kuna mbio za kilomita mia moja mwezi wa Oktoba. Nimeshajaza fomu, kwa wino. Nimemwambia Mama. Ameuliza hizo zinachukua muda gani. Nikasema kwa kasi yangu, labda siku na nusu. Amefikiri kidogo, akaniomba niende dukani nikamnunulie ndoo ya maji yenye mfuniko.

Nimemuuliza ya nini. Amesogea mlangoni. Naacha kuandika hapa, ameshatema.