Uso wa Kaisari Mlangoni mwa Choo

Mji mzima wa Ostia ulipata habari kwamba mtu amefungwa kwa kuingia chooni na sarafu yenye uso wa Kaisari. Watu wakatetemeka. Trebius, ambaye hakuwahi kutoka jasho la kazi tangu azaliwe, alinunua kanzu nyeupe ya mtumba akasimama mlangoni mwa vyoo vya umma.

"Kaka, simama! Unaingia na nani?"

"Peke yangu," akajibu mwoka mikate, miguu kaibana.

"Na huyo mheshimiwa wa shaba mwenye taji la majani, humo kwenye mkoba? Unampeleka akashuhudie hayo?"

Mwoka mikate akamwachia mkoba. Alipotoka aliukuta umepungua. Akaambiwa ni fidia ya Kaisari kwa usumbufu, naye akashukuru! Kufikia adhuhuri mfuko wa Trebius ulikuwa umetuna, na mwenyewe alishaanza kuwaza nyumba ya ghorofa.

Ndipo akaja mbio Oppia, muuza samaki. "Kijana, nishikie, hali mbaya!" Akamtupia mkoba mzito, akapotelea ndani. Trebius akaumimina wote mfukoni mwake bila hata kutazama.

"Fungua mfuko huo," ikasema sauti nyuma yake. Alikuwa askari, kofia ya chuma imemfika puani.

Sarafu za juu zilitisha. Kaisari katobolewa macho, kachorwa masikio ya punda kwa msumari.

"Afande, si zangu! Ni za yule mama!"

Oppia akatoka akijifuta mikono. "Zangu? Mimi niingie chooni na Kaisari? Mkoba nimeuacha nyumbani. Si wewe unayetufundisha adabu hiyo?"

Trebius aliipenda nyumba ya ghorofa, lakini shingo yake aliipenda zaidi. "Afande, tuelewane. Chukua mfuko."

"Na kanzu."

Alikimbia akiwa na nguo ya ndani tu hadi kwenye kona, akageuka. Oppia alikuwa anamfuta askari jasho. "Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa vua, tuirudishe." Kofia ilipovuliwa, Trebius aliikumbuka. Asubuhi ilikuwa inaning'inia kwa yule yule muuza mitumba aliyemuuzia kanzu. Alitamani kulia kwa hasira.

Lakini hofu ilikuwa imeshamvuruga tumbo, na vyoo vya umma mjini vilikuwa hivyo tu. Akarudi amejikunja. Mlangoni alisimama Oppia, kanzu nyeupe imembana tumboni.

"Kaka, simama. Unaingia na nani?"

"Peke yangu," akasema Trebius, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anasema kweli.