Mnusaji na Kiti cha Mkuu wa Maabara

Jumatatu, 4 Machi

Mgongo unauma. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo habari ya kwanza ya kila siku. Miaka ishirini na miwili katika maabara ya kiwanda cha maziwa, na yote nimeimaliza kwa kusimama! Tuna meza mbili, beseni la kuoshea chupa, dirisha moja na kiti kimoja. Kiti ni cha mkuu. Kina mahali pa kuegemea na mto wa sponji. Sisi wengine tumepewa miguu.

Leo meneja ametangaza kwamba mkuu anastaafu wiki hii. Mrithi atatajwa Ijumaa. Anayetaka nafasi aje na jambo moja litakalotuepusha na maziwa mabovu, maana mwezi uliopita tangi zima lilimwagwa. Tumejitokeza wawili tu. Mimi na Mama Pua.

Mama Pua hupokea maziwa mlangoni. Anafunua debe, ananusa kifuniko, anasema pita au rudi. Basi! Hana chombo, hana daftari. Wafugaji wanamwogopa kuliko polisi. Leo amenitakia heri huku akitabasamu. Nazijua tabasamu za namna hiyo.

Hajui kwamba nina Mnusaji.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ameuleta Mnusaji, mtambo wetu wa kunusa maziwa, asubuhi ukiwa umefungwa kwenye taulo. Yeye ni fundi redio. Mawazo ni yangu, waya ni zake. Miezi minane ya kazi! Sanduku la bati, ndani vihisi sita vya harufu vidogo kama vifungo vya shati, feni ya kuvuta hewa, na taa mbili juu. Kijani, maziwa ni mazima. Nyekundu, yameanza kuchacha, hata kama ulimi wa mtu bado haujagundua.

Lakini kwanza mtambo lazima ufundishwe. Unanusishwa maziwa mazima tena na tena mpaka uikariri harufu yake. Baada ya hapo, chochote kisichofanana na ulichokariri unakikataa. Nimeunusisha chupa arobaini, moja moja, nimeinama juu yake kama mama anayelisha mtoto. Kufika chupa ya kumi na tano mgongo ukagoma kabisa. Bahati nzuri chupa ya dawa ya kuchua ilikuwa mfukoni mwa koti, ile ya kijani anayonichulia mke wangu kila asubuhi, kali hadi macho yanalia. Nikajipaka, nikaendelea. Nikajipaka tena kwenye chupa ya thelathini. Sayansi inataka uvumilivu.

Mama Pua alipita akauliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba sijawahi kuwa mzima kama leo.

Jumatano, 6 Machi

Unafanya kazi! Maziwa ya leo, kijani. Maziwa ya juzi, nyekundu. Nimerudia mara ishirini bila kosa hata moja. Nilitaka kurukaruka lakini mgongo ulinikumbusha umri wangu.

Kuwa na chombo kizuri hakutoshi, lazima pia mpinzani apunguzwe makali. Mchana nimekuja na vitunguu vinne, nikavikatakata kwenye meza ya mlangoni, nikimwambia kila mtu kwamba daktari ameniagiza kachumbari. Lengo langu lilikuwa kuiziba ile pua angalau kwa saa mbili, irudishe debe zuri au ipitishe bovu mbele ya meneja.

Mama Pua hakusogea hata hatua. Alirudisha madebe mawili na yote mawili yalikuwa mabovu, nilihakikisha mwenyewe. Kisha akaniambia kwa upole kwamba kile kitunguu cha nne nisikile, kimeoza katikati. Nikakikata. Kimeoza katikati.

Nimekula kachumbari yote peke yangu, ili nisionekane mwongo. Tumbo nalo sasa limeungana na mgongo katika kuuma.

Alhamisi, 7 Machi

Nimechoka. Nimefanya majaribio ya mwisho, yote sawa. Alasiri nilikikalia kile kiti kwa dakika moja, mkuu alipotoka kuagana na watu wa ghalani. Mungu wangu! Sikujua kama mgongo unaweza kunyamaza. Nilisikia hatua zake nikasimama haraka, nikajifanya napangusa vumbi.

Siutaki ukuu kwa ajili ya sifa. Hilo naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Nina miaka hamsini na miwili na nataka kukaa.

Mke wangu amefua koti langu jeupe, akalinyoosha. Amesema kesho sitatoka na ile dawa mwilini, maana siwezi kusimama mbele ya meneja nikinukia zahanati. Nitaoga kwa sabuni nzuri. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nimemwona ananijali. Sikubisha.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa nne meneja alikuja na watu wa ofisini. Nilitoa maelezo yangu vizuri, koti likimeta. Nikaweka chupa ya maziwa ya asubuhi ileile. Nyekundu. Nikacheka, nikasema mtambo bado unapata joto. Chupa ya pili, nyekundu. Ya tatu, nyekundu! Nikaweka maji safi, nyekundu. Karani akaleta chai ya meneja kwa utani, nyekundu. Meneja mwenyewe akainama achungulie, taa ikawaka nyekundu mbele ya uso wake, akauliza kama maana yake ni kwamba na yeye amechacha. Watu wakaangua kicheko. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

Ndipo Mama Pua akasogea. Akaunusa mtambo. Akaninusa mimi! Nilidhani ananidhalilisha. Akaniuliza mbele ya watu wote kama leo nimejichua. Nikasema sijajichua, kwa nini? Akaniomba ile chupa ya dawa. Ilikuwa kwenye begi. Akadondosha tone moja kwenye kitambaa, akakiweka kando ya mtambo, akaniambia nijaribu tena.

Kijani.

Maziwa ya juzi, nyekundu. Ya leo, kijani. Hakukuwa na kosa tena. Akawaeleza kwamba mtambo ni mzuri sana, ila haujawahi kunusa maziwa peke yake hata siku moja. Umefundishwa kwamba maziwa mazima ni maziwa na mgongo wangu.

Aliusifu mtambo, ndilo lililoniuma zaidi. Meneja alipangusa machozi ya kicheko, akamtaja Mama Pua kuwa mkuu mpya. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelala kifudifudi siku nzima. Mke wangu amenichua. Nimemlaumu kwa kuniogesha. Amesema lawama hiyo niipeleke kwa aliyekuwa ameinama juu ya chupa arobaini. Nimeona aibu. Aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asitake hata kufungua dirisha.

Shemeji amepita kunipa pole. Amecheka kwanza, ndipo akanipa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika kazini mapema ili nisikutane na macho ya watu. Nikamkuta Mama Pua ameshafika. Amekisukuma kile kiti hadi kwenye meza yangu! Amesema yeye hawezi kunusa akiwa amekaa, kazi yake iko mlangoni, na kwamba miaka yote hii amekuwa akiniona ninavyoshika kiuno.

Kisha amefunga mlango na kuniambia jambo. Pua yake inaanza kuzeeka. Tangi lile lililomwagwa mwezi uliopita, debe bovu lililoliharibu yeye ndiye aliyelipitisha. Hajamwambia mtu. Anataka tuufundishe mtambo upya, yeye anuse na aseme, mimi niandike na kupima, debe kwa debe, miezi sita, kabla uwezo wa kunusa haujamtoka kabisa. Amesema hakuna mwingine anayeweza kuifanya kazi hii.

Nimemwambia nitafikiri. Nimekaa siku nzima. Kiti ni kizuri kuliko nilivyokumbuka. Mgongo haukuuma hata mara moja.

Jumanne, 12 Machi

Nimefikiri. Nimeng'amua!

Mtu gani mwenye akili anamshinda mwenzake Ijumaa, halafu Jumatatu anampa kiti, sifa na siri yake? Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Siri ile ni mtego. Anangoja niende kwa meneja kumchongea, nionekane mfitini, nifukuzwe. Na kiti ni cha kunibembeleza nisinzie kazini. Mimi si mtoto.

Saa mbili asubuhi nimembebea kiti chake hadi mlangoni. Nimemwambia kwa heshima zote kwamba nashukuru, mgongo umepona kabisa, na kuhusu mtambo nina shughuli nyingine. Ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akakaa kwenye kile kiti, yeye aliyesema hakai, akajifuta macho na kanga. Anaigiza vizuri, sikatai.

Kisha nimesimama saa nane mfululizo. Nimerudi nyumbani nikitembea upande upande, mke wangu amenipokea na chupa mkononi.

Lakini sijalala. Nimemwita shemeji, nimemchorea mtambo mpya kwenye karatasi. Vihisi vinne vya jasho la kiganja, taa mbili. Unamshika mtu mkono tu, na taa inakuambia kama anasema kweli au anakudanganya. Nikiwa nao, Mama Pua hatanichezea tena. Shemeji amekuna kichwa, akauliza mtambo utajuaje jasho la mtu mkweli likoje. Nimemwambia hilo ndilo jepesi kuliko yote. Kesho jioni tunaanza kuufundisha, na tutatumia kiganja changu.