Mapazia Kiunoni, Peremende Mkobani

Jumatatu, 6 Mei
Habari njema! Ndege ya bei poa imeanza kuruka kila asubuhi hadi mji ule nilikouza mapazia ujana wangu wote. Njia yetu ile ile! Kwenye ndege ya zamani mke wangu alikuwa mhudumu. Alipita na sinia la peremende kabla hatujapaa, nami nikachukua tatu ili asiondoke haraka. Kampuni ilikufa, mke nikabaki naye. Leo ameniambia kwamba hajawahi kupanda kama abiria, aketi tu, ahudumiwe yeye. Nimemwahidi Alhamisi. Kaka yake, shemeji yangu, amejitolea kutulipia kila kitu. Thubutu!

Jumanne, 7 Mei
Tiketi ni za bei ya kutupa. Ila begi unalipia. Kuchagua kiti, unalipia. Chai, unalipia. Kukohoa sijaona bado. Shemeji amesema rahisi ghali. Nimemjibu mjini akili. Sampuli za mapazia za kumwonyesha mteja wangu wa zamani nitazivaa kiunoni, nisilipie begi. Chai tutabeba kwenye chupa. Viti watupangie wenyewe. Watutenganishe watu waliooana? Hawana roho hiyo.

Jumatano, 8 Mei
Mazoezi sebuleni. Mapazia manne tumboni, koti juu. Mke ameuliza ni mimba ya miezi mingapi, akacheka hadi akakaa chini. Hajacheka hivyo tangu kampuni ifungwe. Raha iliyoje!

Alhamisi, 9 Mei
Aibu! Kwenye ukaguzi chai yote ikamwagwa ndooni. Mlangoni pazia la kijani likafunguka, likaburuta nyuma yangu. Abiria mmoja akalikanyaga huku akimbembeleza bosi wake kwenye simu. Nikaanguka. Kiti changu mbele, cha mke nyuma kabisa, jirani na choo. Abiria wote watu wa ofisini, kila mmoja na laptopu yake, salamu hakuna. Zamani tulijuana hadi majina ya watoto. Nimeikumbuka ndege ile.
Tulipotulia angani nikageuka. Mke wangu mwenyewe amesimama! Anapita safu kwa safu, anagawa peremende kutoka mkobani, mgongo umenyooka kama enzi zile. Laptopu zinafungwa. Watu wanacheka. Mhudumu akampisha, naye akachukua yake. Alipofika kwangu akasema karibu bwana, moja tu tafadhali. Nikachukua tatu. Machozi yakanitoka, sikuyaficha.
Ila kukaa, hakukaa. Ahadi yangu imekwenda na maji. Na mteja wangu siku hizi anauza simu. Mapazia nimerudi nayo kiunoni.

Jumapili, 12 Mei
Shemeji ameleta zawadi: tiketi mbili, viti pamoja, chai imelipiwa. Nimemrudishia kwa heshima zote. Nimeshakata zangu, rahisi zaidi! Mji ule una hoteli mpya, na hoteli haikosi madirisha. Safari hii mke atakaa, atulie: mapazia nimeyashonea ndani ya koti lake yeye, yasifunguke. Nimemweleza mpango wote. Hakubisha. Ametoka kwenda dukani, amerudi na peremende, pakiti mbili.