Ombi la Kumhamishia Mama Kwako ili Nipande Meza

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Familia, ambaye kwa bahati njema ni shemeji yangu,

YAH: MAMA NA MEZA YA KATI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Unanijua ni mtu wa kuvumilia. Nilikuwa fundi wa friji kabla sijamwoa dada yako, na hakuna mteja aliyewahi kunisikia nikipaza sauti, hata yule aliyeniletea friji yenye panya ndani akalalamika kwamba inanguruma. Lakini sasa yamenifika shingoni, na kwa kuwa mlalamikiwa ni mama yako mzazi, sioni pengine pa kulipeleka jambo hili.

Jioni nikishafunga karakana huwa nacheza poka, karata za pesa, mtandaoni kwenye tableti ya nyumbani. Nipo meza ya chini kabisa, ya dau la vijisenti, ambako mtu akishinda jioni nzima anaweza kununua kipande cha sabuni. Juu yake ipo meza ya kati, wanakokaa watu wazima. Nimeiva, nataka kupanda. Anayenizuia ni mama, ambaye alikuja kwetu kupumzisha goti. Goti limepona, ila mapumziko bado yanaendelea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama amenipokonya kanuni yangu ya kazi. Friji nikishaitengeneza siirudishi kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Naiwasha, naweka glasi ya maji kwenye sehemu ya kugandisha, naiacha ilale. Asubuhi maji yakiwa barafu, friji inaondoka. Yakiwa bado maji, mimi na friji tunaanza upya. Kanuni hii nilimweleza mama kwa majivuno, nikidhani nazungumza na mgeni. Siku niliyotangaza wakati wa chakula kwamba napanda meza, akauliza kwa upole, "Maji yameganda, baba?" Nikamwambia mama, hii ni poka. Akasema haidhuru, tuitazame akaunti kila Jumapili jioni. Ikipita Jumapili tatu mfululizo bila kupungua, mimi nitaondoka meza ya chini. Dada yako alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Tangu hapo, nikishinda kidogo na kunyoosha mgongo, nasikia kutoka kwenye kochi: "Bado vuguvugu." Shemeji, mimi si friji.

2. Kikohozi. Mama hukaa nyuma yangu akifuma vitambaa, na kila nikitaka kuweka kete zote anakohoa. Juzi nilishika wafalme wawili. Mezani zilikuwa zimelala kopa nne, na mimi kopa sikuwa nayo hata ya dawa. Akakohoa. Nikaweka zote. Mpinzani akafunua kopa yake, ikawa ya tano, akazoa zote. Mama akasema, "Pole mwanangu, nilipaliwa." Naomba kamati itambue kwamba kikohozi hicho ndicho kilichonivuruga akili na kuleta hasara. Dada yako amemnunulia dawa ya kifua, haisaidii. Cha ajabu, mimi nikiwa kazini hakohoi kabisa.

3. Tableti. Nikiondoka asubuhi mama anaichukua, eti anaangalia picha za wajukuu. Wajukuu wenyewe ni wawili na picha zao tunazijua. Lakini nikirudi naikuta ya moto, chaji imekwisha, na alama za vidole zimejaa kwenye kona ya chini kulia, mahali ambapo hakuna mjukuu yeyote.

4. Ushahidi wa kuiva kwangu anaukataa. Jioni naifunga akaunti ikiwa imenywea; kesho yake jioni naifungua, imenenepa. Jambo hili limetokea mara nyingi mno kuitwa bahati. Mimi kama fundi ninayo maelezo: gesi mpya ikijazwa kwenye friji huhitaji muda kutulia, na mchezo wangu nao ni hivyohivyo, nacheza jioni matokeo yanakuja mchana. Kwa bahati mbaya Jumapili siendi kazini, nacheza tangu asubuhi, kwa hiyo akaunti haipati nafasi ya kutulia na ndiyo siku mama anayoipima. Nilipomfafanulia haya aliinamia kitambaa chake, mabega yakimtikisika. Nadhani alikuwa anasali.

5. Meza ya chini haina adabu. Nikiwatisha hawatishiki. Napandisha dau kwa sauti ya mtu mwenye karata nzito, na mtu ambaye hana kitu ananifuata hadi mwisho kwa sababu tu anataka kuona. Na akiona ananishinda! Juu wapo watu wenye staha, ambao ukipandisha dau wanatupa karata zao na kuondoka taratibu. Kwa hiyo kushindwa kwangu chini ndiyo sababu hasa ya kunipeleka juu. Mama alinijibu upesi kwamba kule juu wapo watu watatu wanaomeza mtu mzimamzima, na yule aliyeweka picha ya mbuzi ndiye hatari kuliko wote. Habari hizi sijui anazitoa wapi. Huyu ni mama ambaye hata remoti ya televisheni anasema hawaelewani.

6. Dada yako amehama upande. Nikimwuliza lolote kuhusu karata zangu, jibu lake ni moja: "Muulize mama."

Kwa hayo yote, naomba umchukue mama akae kwako. Una ghorofa, na kile chumba cha juu nasikia kimepakwa rangi na hakina mtu. Ukilitazama vizuri, yeye ndiye atakayekuwa amepanda kabla yangu, na wala sitamwonea wivu. Kwa gharama zangu nitamletea friji ndogo ya chumbani, iliyokwisha kulala na glasi ya maji kwa usiku mmoja. Akipenda nitaiacha na glasi yake ili awe na kitu cha kusimamia. Dada yako hajui kwamba nimeandika, na akijua kabla mama hajaondoka, atakayetolewa nje ni mimi.

Nisalimie mkeo, nisalimie watoto na yule jirani yako ambaye bado ana bisibisi yangu. Mama anawasalimia pia, ingawa sijamwambia kwamba anawasalimia.

Wako mtiifu, ninayengojewa nigande,
Shemeji yako, Fundi Friji

N.B. Kabla sijafunga bahasha, asubuhi, sijaenda karakana, mama na dada yako walitoka kwenda kuchukua miwani mpya ya mama ya kusomea. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikapanda meza ya kati na akaunti nzima.

Jina la akaunti ni Fundi Barafu, lakini sijakaa vizuri mwenye picha ya mbuzi akaandika pembeni mwa meza: "Shikamoo Mama Vitambaa! Leo umewahi." Wawili wengine nao wakaamkia. Nikaandika marahaba, ningefanyaje? Nikapandisha dau. Hawakutishika. Nikapandisha tena. Baada ya raundi chache mbuzi akauliza, "Mama, leo tableti umempa mkwe?"

Akaunti haina kitu. Yote aliyokuwa akiyajenga mchana, ambayo mimi nilikuwa nikiyabomoa kidogokidogo jioni, nimeyamaliza kwa mara moja, na aibu niliyo nayo siwezi kuificha. Nimekaa kwenye kochi lake. Hakuna anayekohoa, na nyumba imepoa vibaya. Sikujua mtu anaweza kumkumbuka namna hii mtu aliyetoka kwenda kuchukua miwani.

Shemeji, yote niliyoandika hapo juu yafute, kuanzia la kwanza hadi la sita. Mama haendi popote, na wewe ukija kumchukua utanikuta mlangoni.

Wamerudi. Amevaa miwani mpya na ameomba tableti aangalie wajukuu. Nimemwambia iko kwenye chaji. Amekwenda jikoni, akarudi na glasi ya maji akaiweka mbele yangu.

Barua naituma hivyohivyo kwa sababu ya jambo moja tu. Kile chumba cha juu usikipangishe kwanza. Huenda nikaja kukaa mimi.