Maboksi ya Kifaransa na Mlango wa Zahanati

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Zahanati yetu ya Misigiri imeletewa maboksi matatu ya vifaa vya ujenzi. Msaada kutoka Ufaransa. Maandishi Kifaransa kitupu! Mkaguzi anakuja Alhamisi. Anataka kila boksi libandikwe jina kwa Kiingereza, na lisifunguliwe kabla hajafika. La sivyo yanarudi mjini. Na chumba cha kujifungulia hakina mlango! Tumbo la mjukuu wangu Ritha limeshashuka. Azae huku wapita njia wanamsalimia? Thubutu!
Mwalimu Laurian, mstaafu, kajitolea kutafsiri. Ana kamusi. Nikasema hata mimi naweza. Akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Eti mimi, niliyejulia herufi kwenye mafundisho ya kipaimara! Ngoja.

Jumanne, 5 Novemba
Laurian bado yuko neno la kwanza. Anasema kwa Wafaransa kila kitu ni cha kike au cha kiume. Nikamwuliza msumari ukiwa wa kike utaolewa na nani.
Nikashuka barabarani, nikamkamata Philipo, dereva wa lori kutoka Burundi, Kifaransa anakijua. Nikamchinjia jogoo. Akashiba, akaja stoo kusoma. Boksi lililo mlangoni: bawaba za kushikia mlango. La katikati: skrubu. La dirishani: kulabu za kutundikia nguo. Nimeshika kichwani. Kiingereza ataandika Ritha, kamaliza kidato cha nne. Laurian kwisha!

Jumatano, 6 Novemba
Nimeamkia stoo, mkaguzi asije akakuta vumbi. Nikatoa maboksi nje, nikafagia, nikayapanga upya ndani, yakapendeza. Ritha kaandika, mimi nikabandika: la mlangoni, la katikati, la dirishani. Laurian akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia akalee kamusi yake.

Alhamisi, 7 Novemba
Mkaguzi mpole sana. Kanipa shikamoo mbili. Kasoma, kafurahi. Kaomba boksi la kulabu alipeleke zahanati ya Shelui. Nikasema chukua lote baba, sisi nguo tunatundika kwenye misumari. Likaondoka na gari.
Fundi Zefania, aliyetuchongea mlango, akafungua boksi la bawaba. Kulabu! Kulabu tupu! Bawaba ziko njiani kwenda Shelui. Laurian akaipangusa kamusi yake vumbi, taratibu. Bora angenicheka.

Ijumaa, 8 Novemba
Uchungu umemshika Ritha asubuhi. Mvua, upepo, na mlango umeegemezwa tu. Nikaushikilia kwa mgongo. Upepo ukanishinda, mara mlango ukatulia. Kumbe Laurian yuko nje analoa, anausukuma upande wake. Akapaza sauti kwamba Kifaransa changu kina mgongo mzuri. Nikamwambia asukume, asiongee. Mtoto akalia. Wa kike! Nikalia na mimi, huku nimeegemea mlango.

Jumamosi, 9 Novemba
Bawaba zimerudi. Mlango unafunga. Laurian yuko kwangu anakunywa uji, anakohoa.
Maboksi mengine yamefika! Maandishi ya Kituruki. Laurian hana kamusi ya lugha hiyo. Nikamwambia hayo niachie mimi. Jogoo nimeshamfunga kamba, nasikilizia lori la Mturuki. Akishanisomea tu, nafagia stoo.